Kapteni Kamis Hana Kilo

Abiria walipanga foleni mbele ya mizani, kila mtu na mzigo wake, kwa sababu kwenye ndege ndogo mtu anapimwa kama gunia. Si dharau. Ndege ya mapanga yanayozunguka mbele ya injini, hii ya viti kumi na tisa inayopiga kelele kama mashine ya kusaga posho, lazima ijue nani mzito na nani mwepesi, ndiyo watu wapangwe vizuri. Wazito wakijazana nyuma, inainua pua kama mbwa aliyenusa nyama, na hapo hakuna wa kuishusha. Kwa hiyo pale Entebbe, upande ule wa ndege ndogo ambako hakuna duka la manukato wala ngazi za umeme, watu walipanda mizani mmoja mmoja, kilo zao zikasomwa kwa sauti, wote wanasikia.

Anayesoma alikuwa Ocen, rubani msaidizi, kijana mrefu wa Gulu mwenye sauti ya mtu wa redio. Kapteni Kamis alisimama pembeni, kofia kwapani, akiangalia tu.

Akapanda Monique, ambaye Kapteni humwita Mama Bénit kwa jina la mtoto wake. Huyu ni Mkongomani, ana kibanda cha vitenge soko la Nateete, na dada yake ana kibanda kingine kule kwao, mji mdogo nyuma ya Bunia ambako uwanja wa ndege ni murram, udongo mwekundu wa changarawe, na mbuzi wanalala katikati. Vitenge vinatoka Nateete vinaenda kwa dada. Hivyo tu.

"Themanini na moja," Ocen akasoma.

Kapteni akainua kichwa. "Mama Bénit, safari iliyopita ulikuwa sitini na nane."

"Nilikula, Kapiteni."

"Ulikula kilo kumi na tatu?"

"Kulikuwa harusi. Ya binamu yangu. Walichinja."

Foleni ikaanza kucheka. Kapteni hakucheka, kwa sababu mzigo unalipiwa na mwili haulipiwi, na mwanamke huyu alikuwa anajulikana.

"Toa, mama."

"Nitoe nini? Hii njo mwili yangu!"

"Mwili wako una maua ya njano, na pembeni una maandishi ya kiwanda. Toa."

Akatoa. Alitoa kitenge kimoja kiunoni, kingine chini yake, kingine chini ya hicho, anavizungusha polepole huku anaangalia juu kama mtu anayesubiri basi, na foleni nzima inahesabu kwa sauti mpaka kumi. Chini ya vyote alibaki mwanamke mwembamba mwenye gauni la kijivu. Akavikunja, akaviweka chini kando ya mizani.

"Sitini na nane," Ocen akasoma.

"Nilikuambia," Kapteni akasema.

Sasa, desturi ya ndege hiyo ilikuwa kwamba rubani naye anapimwa, na Kapteni ndiye anapanda wa mwisho. Akapanda. Ocen akaangalia, akainama, akaangalia tena.

"Arobaini na moja."

"Soma vizuri."

"Arobaini na moja, mzee."

Mwezi uliopita alikuwa themanini. Suruali ilimkaa vilevile, mkanda ulikuwa kwenye tundu lilelile, tumbo liko palepale Kaltumi, mke wake, alipoliweka. Wakapandisha gunia la sukari kwenye mizani, likasoma sawasawa. Kwa hiyo mizani haikuwa na tatizo.

"Basi Kapiteni avae hivi vyangu," Monique akasema, "tutakuwa sawa wote."

Foleni ikacheka tena. Ocen akaweka gunia la mchele nyuma ya kiti cha Kapteni ili ndege ikae sawa, na wakaondoka. Waliruka vizuri. Kule walikokwenda mvua ilikuwa inanyesha, na Kapteni alishusha ile ndege kwenye tope kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

Watu wote wa kampuni walijua kwamba ndege za mapanga zinaondolewa. Habari ilikuwa imezunguka tangu msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa: kampuni inanunua jeti, mapanga yanauzwa nje, mwisho. Jeti ni nzuri. Inakwenda haraka, haitetemeshi chai, na mtu akishuka anajisikia kama waziri. Ila jeti haitui kwenye murram. Inameza changarawe, inakohoa, inakufa. Kwa hiyo miji midogo yote ambako Kapteni Kamis alikuwa anatua ilifutwa kwenye ratiba kwa siku moja, na hakuna mtu wa miji hiyo aliyeitwa kuambiwa.

Marubani ndio waliitwa. Ofisi iko Ntinda, juu ya supamaketi, unapanda ngazi unasikia harufu ya mikate. Aliyewapokea ni Madam Olivia wa mambo ya wafanyakazi, mama mpole, ana sauti ya kumbembeleza mtoto achomwe sindano. Walikuwa marubani watano. Wawili walikuwa wameshikilia viti kwa mikono, kama watu wanaoogopa kupaa. Kapteni Guerschom, mtu mzima wa Bukavu ambaye alikuwa anaruka mapanga tangu nywele zake ziko nyeusi, aliomba dirisha lifungwe kwa sababu ya upepo, na Madam Olivia akasimama akalifunga, akarudi akakaa.

"Kampuni inawapenda," akasema. "Hilo mlijue kwanza."

Halafu akaeleza. Vijana wawili, Ocen na mwenzake mmoja, wanakwenda shule ya jeti moja kwa moja. Wazee watatu, kwa sababu hawana masaa ya jeti, wapimwe kwanza na daktari wa kampuni. Atakayepita anakwenda shule. Asiyepita, kampuni inamshukuru.

Ocen alipotajwa jina, viatu vyake viligonga sakafu. Ta! Kumbe na yeye alikuwa amesimama juu ya hewa, kidogo tu, unene wa chapati, na wala hakuna aliyekuwa ameangalia. Akaangalia miguu yake, akaikanyaga chini mara mbili, akakaa. Kapteni Kamis aliona. Guerschom pia aliona.

"Madam," Kamis akasema, "mimi masaa ya jeti sina kwa sababu niliambiwa nisiende."

Hiyo ilikuwa kweli. Miaka ya nyuma, kampuni ilipopeleka watu shule ya jeti mara ya kwanza, jina la Kamis lilikuwa la kwanza kabisa. Mkurugenzi wa wakati ule alimwita ofisini, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia: Kamis, ndugu yangu, wewe ukienda, nani ataingia kwenye zile murram wakati wa mvua? Baki. Sisi hatusahau mtu. Na Kamis akabaki. Alirudi nyumbani siku hiyo anapiga mluzi, akamnunulia Kaltumi gurbaba mpya, ile nguo ya wanawake wa Kinubi, akamwambia kampuni haiwezi bila mimi. Alifurahi. Baadaye ndicho kitu kilichomkaa vibaya tumboni kuliko vyote, kwamba alifurahi.

"Aliyekuambia alishaondoka," Madam Olivia akasema kwa upole. "Bambi, masikini, angekuwepo tungemuuliza."

Guerschom hakumsubiri daktari. Wiki ile ile alipanda basi la kurudi kwao, akakaa kiti cha katikati, akaomba abiria wa pande zote mbili wamwekee mizigo yao mapajani. Walifurahi sana. Ni nadra kumpata mtu wa kubeba mzigo wako bure.

Siku ya mwisho ya ile ndege ilikuwa Jumamosi. Marubani wa wale walionunua walifika, wazungu wawili wenye miwani, wakaizunguka, wakaipiga piga mbavu kama ng'ombe. Kapteni Kamis aliwafungulia panga.

Hii nayo ni desturi. Injini ikizimwa, panga linafungwa na kamba, kamba pana nyekundu yenye ndoano, inapita kwenye ubawa wa panga inakuja kukazwa chini ya injini, mizunguko miwili. Usipofunga, upepo unalizungusha. Na panga likizunguka bila injini, ndani hakuna mafuta yanayopita, vyuma vinasagana vyenyewe. Kwa nje huoni kitu. Unaona panga linazunguka tu polepole, zuri, kama linacheza. Kampuni nyingine wanaacha vijana wa uwanja wafunge. Kapteni Kamis alikuwa anafunga mwenyewe, na anafungua mwenyewe, na akishafungua anaikunja kamba anaitia kwenye begi lake, kwa sababu kamba ikisahaulika pale pale na injini ikawashwa, ni balaa.

Basi Jumamosi hiyo alifungua, akakunja, akatia kwenye begi. Mkono wake ulifanya peke yake. Wazungu wakawasha, ndege ikapiga kelele zake za mashine ya posho, ikaenda, ikanyanyuka, ikapinda juu ya ziwa. Ilipokuwa ndogo kama nzi ndipo Kapteni alipokumbuka kwamba kamba iko kwenye begi. Kule inakokwenda itazimwa, na upepo wa jangwani utakuja, na hakuna kitu cha kuifungia.

"Waambie kwa redio," Ocen akasema.

"Niwaambie nini? Warudi kwa kamba?"

Wakapanda gari.

Nyumbani ni Nsambya, nyumba za zamani karibu na reli, ua mdogo, jirani askari polisi upande huu na fundi wa friji upande ule. Kaltumi alikuwa anakaanga gurusa, ile mikate laini ya chapa chapa ambayo Wanubi wanakula na mchuzi. Kapteni aliingia, akaweka begi chini, akavua koti la kazi lenye mistari minne begani. Alipolitundika, akapanda. Taratibu tu. Kichwa kikafika kwenye bati, kikagusa, akabaki hapo.

Kaltumi akageuza gurusa, akaisubiri iive upande wa pili, akaitoa. Halafu akapanda juu ya stuli.

"Umekula huko?"

"Bado."

"Utakula hapo hapo au unashuka?"

"Nisaidie nishuke."

Akatafuta kitu cha kumfungia. Kwenye begi akakuta kamba nyekundu. Kapteni akiwa huko juu alimfundisha: pitisha hapa kiunoni, ndoano ije mbele, mizunguko miwili, kaza. Mwanamke alikaza vizuri kwa mara ya kwanza, na Kapteni akasema, "Vizuri," kama anavyowaambia vijana wa uwanja. Wakala. Aliketi kwenye kiti, kamba imefungwa kwenye mguu wa meza, na meza ni ya mvule, haichezi.

"Sasa kwa daktari utapandaje mizani?" Kaltumi akauliza.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Kapteni alikuwa na umri ambao kampuni nyingine haiwezi kumchukua kuanza upya. Daktari akiandika kilo, anakwenda shule ya jeti, anaruka tena. Daktari asipoandika, leseni inalala, na leseni ikilala kwa umri ule haiamki. Hajawahi kufanya kitu kingine. Hata kuendesha gari alikuwa anaendesha vibaya.

Walijaribu mawe mifukoni, yakatoboa suruali. Walijaribu kumlisha ugali wa posho na maharage mpaka akaapa kwa Mungu. Chakula kiliingia, kilo hazikuingia. Mwisho Kaltumi akasema, "Twende kwa yule mama wa vitenge."

Wakaenda Nateete kwa boda tatu. Kaltumi kwenye moja, Kapteni kwenye nyingine amefungwa kwa kamba nyuma ya dereva, na ya tatu ilikuwa inafuata tu kwa sababu dereva wake alitaka kuona mwisho wake. Monique alikuwa kwenye kibanda chake, amekaa juu ya bando, anakula muhindi wa kuchoma.

"Kapiteni!" akasema. "Umekuja kunivua tena?"

"Nimekuja univalishe."

Monique akaacha kutafuna. Alimwangalia yule mtu aliyesimama hajakanyaga, kamba mkononi mwa mke wake, na kofia bado kwapani. Wanawake wa vibanda vya jirani wakasogea. Kila mmoja alikuwa amewahi kuvuliwa mbele ya foleni na mtu huyu, au dada yake, au mama yake.

"Eeh," mmoja akasema. "Dunia ni duara."

"Nyamaza wewe," Monique akamwambia. "Mtu amekuja dukani." Halafu kwa Kapteni: "Unataka kilo ngapi?"

"Themanini."

"Themanini ni nyingi. Utakuwa kama kabati. Nikupe zinazotosha tu kukaa chini, daktari atasema umekonda. Kukonda si dhambi."

Wakamwingiza nyuma ya pazia, na Monique alifanya kazi kama fundi. Kitenge cha kwanza lazima kilowe maji kidogo kishike ngozi. Cha pili kinakwenda kinyume. Cha tatu kinapita kati ya miguu. "Kosa langu siku ile lilikuwa maua ya njano," akasema na pini mdomoni. "Rangi ya wazi usiweke karibu na shingo. Chini ya shingo unaweka kijivu. Kijivu hakuna mtu anaangalia." Alimzungushia vingi, vingi sana, mpaka miguu ya Kapteni ikagusa udongo wa Nateete. Alifunga macho. Akakanyaga. Akakanyaga tena.

"Ni hivyo," Monique akasema. "Raha, si ndiyo? Mimi nikitoka kwenye ile mizani yako nilikuwa najisikia nimebaki mifupa."

Kaltumi alimwangalia mume wake, akingoja aombe radhi. Kapteni akauliza tu ni bei gani, na Monique akasema ni vya kuazima, ni vya kwenda kwa dada, ila sasa hajui vitakwenda vipi.

Kliniki ya kampuni ilikuwa hapo hapo Ntinda, chumba cheupe na feni. Daktari anaitwa Acayo, mama wa makamo, anaandika haraka na haangalii mtu usoni mpaka amemaliza. Akampima macho: mazuri. Masikio: mazuri. Akamwambia apande mizani.

Kapteni akapanda. Sindano ikatembea, ikasimama kwenye namba ya mtu mzima mwembamba. Nesi akaandika kwa kalamu. Kapteni akaanza kupumua.

"Nisikilize moyo," Daktari Acayo akasema. "Fungua shati."

Alifungua kifungo kimoja. Kijivu kilikuwa pale kama Monique alivyosema. Lakini alikuwa ametoka jasho, kijivu kikateleza, na nyuma yake kikatokea kipande cha jogoo mwekundu, jicho na nusu ya kishungi.

"Kapteni. Kifua chako kina jogoo."

"Ndio mwili wangu, daktari."

Nesi akacheka, akajiziba. Daktari hakucheka. Akaweka kifaa chake cha masikio mezani, akasema kile kitu ambacho Kapteni alikuwa amekisema mamia ya asubuhi, kwa sauti ile ile isiyo na ubaya wowote.

"Toa."

Akatoa. Alikuwa anajua jinsi ya kutoa polepole, na kuangalia juu. Kilianguka cha kijivu, cha jogoo, cha funguo, cha macho, cha miavuli. Nesi alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo bila kujua kwamba anahesabu. Kila kimoja kilipoanguka, sindano ilirudi. Cha mwisho kilipotoka, miguu yake iliacha mizani, na Kapteni Kamis akapanda mpaka juu akiwa na suruali ya ndani na soksi, akakaa karibu na feni, ambayo kwa bahati ilikuwa haizunguki, umeme umekatika. Juu ya mbawa za feni kulikuwa na vumbi nene. Alifikiria kwamba sitini na nane alikuwa anaikumbuka, kila abiria alikuwa anakumbuka kilo zake, lakini gauni lile la kijivu la Mama Bénit aliliona siku ile kwa mara ya kwanza, na lilikuwa limechanika kwapani.

Daktari akavuta kiti, akapanda juu, akamsikiliza moyo hapo hapo alipo.

"Vuta pumzi. Toa. Moyo mzuri sana. Wewe ni mzima kuliko mimi." Akashuka. "Ila kilo hakuna, na bila kilo siwezi kuweka mhuri."

"Kwenye jeti hakuna anayepimwa," Kapteni akasema kutoka juu. "Wanakadiria tu. Hata abiria hawapimwi."

"Najua."

"Basi kilo za nini?"

"Si jeti inayotaka, Kapteni. Ni kampuni." Akafikiri kidogo. "Vijana walikuja wiki jana, wale wawili. Walikuwa wazito kama mawe. Mmoja amevunja kiti changu."

Kaltumi, aliyekuwa anangoja kwenye korido, alileta kamba, nesi akamvuta chini, na mke wake akamvalisha.

Ofisi ya Madam Olivia ni mwendo wa dakika chache tu, wakapita. Alikuwa ameshafunga madirisha kabla hawajakaa.

"Pole sana, Kapteni. Hali hii tunaijua. Wako wengine, hata kampuni za jirani. Inapita au haipiti, inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kama mtu ameitwa mahali."

"Niite wewe," Kapteni akasema. "Jina tu. Mbona la Ocen lilitosha?"

Madam Olivia akashika jiwe lake la kubania karatasi. Ni mwanamke mwenye huruma, hilo kila mtu anasema. Alifungua mdomo, na kwa muda kidogo ilionekana kama ataita, na Kaltumi akakaza kamba kwa ajili ya uzito utakaoshuka. Halafu akasema, "Kampuni inakushukuru," na kamba ikabaki imenyooka juu vilevile.

Jeti ilifika mwezi uliofuata. Waliimwagia maji kwa gari la zimamoto, watu wakapiga picha, keki ilikuwa na mabawa. Ocen alikaa kiti cha kulia, amejaa mpaka kiti kinalia. Alimpigia simu Kapteni jioni, akiwa ametua.

"Mzee, hii kitu inajiendesha yenyewe."

"Mkiwa juu unaona chini?"

"Hapana. Tunakwenda juu sana. Ni nyeupe tu."

"Kale, sawa," Kapteni akasema. "Kunywa maji."

Siku hizi, jua likipungua makali, Kaltumi anamtoa uani. Anafunga kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo, ameiongeza na kamba nyingine ya kawaida, na anamwachia mpaka juu ya miembe ya polisi. Majirani wamezoea. Vijana wa boda wanamuuliza barabara gani imeziba, anawaambia. Fundi wa friji anamuuliza mvua inatoka upande gani, anamwambia na hajawahi kukosea. Makalooli, yale makorongo makubwa ya Kampala yenye vipara, yanapita karibu naye yakienda kulala, na hayamkwepi. Askari polisi alileta barua kwamba hairuhusiwi kuruka bila leseni, Kaltumi akamwonyesha kamba, askari akakubali kwamba hiyo si kuruka, hiyo ni kufungwa.

Jioni moja Monique alikuja kuchukua vitenge vyake. Alikuwa ametoka kwao, amekwenda kwa basi na kurudi kwa basi, na katikati kuna mto, na baada ya mto kuna pikipiki. Uso wake ulikuwa na rangi ya barabara. Uwanja wa murram, alisema, umeota nyasi mpaka kiunoni. Mbuzi wamenenepa. Dada yake amefunga kibanda. Mwanamke mmoja wa mtaa wao alizidiwa na uchungu wa kuzaa, wakaenda kukaa naye uwanjani usiku kucha, kwa sababu zamani ilikuwa ndege inakuja. Wote walijua haiji, lakini walikaa.

Hakusema yule mwanamke alikuwaje baadaye, na Kaltumi hakuuliza. Alimletea chai.

"Hilo basi ni zuri kwa kitu kimoja," Monique akasema. "Halipimi mtu. Navaa hata ishirini."

Akanywa. Halafu akainua uso, akapiga kelele kuelekea juu ya miembe.

"Kapiteni! Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama Bénit."

"Kwa ile mizani nilikuchukia sana!"

"Najua."

"Lakini pale mtu alikuwa anajua niko kilo ngapi!"

"Sitini na nane," sauti ikasema kutoka juu. "Kiti cha dirisha, mstari wa tatu, kushoto. Ukikaa hapo ndege ilikuwa inanyooka."

Monique alikaa na kikombe. Alicheka, halafu akaacha, halafu akajipangusa uso na kona ya kitenge. "Na huko juu unaona kwetu?" akauliza, si kwa nguvu sana.

Kutoka juu ya miembe ya Nsambya mtu anaona reli, hospitali, bati za Nateete siku isiyo na moshi, na kipande cha ziwa. Kongo haionekani.

"Naona," Kapteni akasema. "Mvua imeisha. Uwanja umekauka, unaweza kutua."

Jeti ikapita, ikishuka kwenda Entebbe, juu sana bado, taa zake zimewaka. Kapteni aliinua mkono. Upepo wa ziwani ukaja, kama unavyokuja saa hiyo kila siku, ukamshika begani, akaanza kuzunguka polepole, mikono imefunguka, mara moja, mara mbili. Watoto wa polisi wakapiga makofi kwa sababu ilikuwa inapendeza.

Kaltumi aliweka birika chini. Akaenda kwenye nguzo, akavuta kamba nyekundu kwa mikono yote miwili mpaka mume wake akaacha kuzunguka, akaikaza mizunguko miwili, kama alivyofundishwa.

"Vizuri," Kapteni akasema.